Sarafu Iruhusu Tu, Kazi Aifanye Mkono wa Mteja

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni seremala hapa Majengo, Moshi. Niliwachongea wanangu kisanduku cha mbao chenye mzee aliyekaa kigodani. Ukizungusha mkono wa pembeni, mzee anainua kata ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, na mbuzi anachungulia kutoka nyuma ya mgomba. Mwenye mgahawa mmoja kwenye barabara ya kwenda Marangu amekipenda, na anataka niongeze tundu la sarafu ili wateja walipe shilingi 500 kukiona kikicheza. Nimeondoa mkono, nikafunga mota ya waipa na betri, lakini sarafu zinakwama kwenye bomba, na juzi mota imeung'oa mkono wa mzee begani. Kuna kijana ameniambia dawa yake ni kompyuta ndogo ya kuongoza mota. Je, nimfuate?

Marahaba, mwanangu. Usimfuate, angalau kwa sasa, na wala si kwa sababu kijana huyo hajui kazi yake. Kompyuta itaiambia mota lini ianze na lini isimame, lakini hapo si ndipo penye ugonjwa. Ugonjwa wako ni kwamba umekiondoa kitu kimoja kilichokuwa kinafanya kazi vizuri, yaani mkono wa kuzungushia, ukaweka mahali pake nguvu isiyo na hisia. Mtoto akizungusha mkono na kusikia pamegoma, huacha. Mota ya waipa imeundwa isukume maji na matope kwenye kioo cha gari, na nyuma yake kuna gia inayopunguza mwendo na kuzidisha nguvu. Ikikutana na bega la mzee lililokwama haijui kwamba ni bega. Ushauri wangu ni kwamba urudishe mkono, uiache mota, na sarafu uipe kazi moja tu, nayo ni ya kufungua kufuli.

Najua mwenye mgahawa atasema kwamba mteja aliyelipa hapaswi kufanyishwa kazi. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa anayezungusha mwenyewe hujiona ndiye anayemnywesha mzee mbege, akipunguza mwendo mzee anasita, na wenzake mezani wanamcheka yeye pamoja na mzee. Pale London, katika jumba la makumbusho la Victoria na Albert, wanahifadhi simbamarara wa mbao aliyetengenezwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya Sultani Tipu wa Mysore, India, akimrarua Mzungu aliyelala chali. Ubavuni ana mkono wa kuzungushia, na ndani yake kuna viriba vya hewa vinavyotoa mlio wa mnyama na kilio cha mtu. Sultani hakukosa watumishi, ila nadhani burudani yenyewe ilikuwa katika kuzungusha. Zaidi ya hayo, mkono hautegemei umeme, na huko barabarani kwenu umeme ukikatika siku ya wageni wengi, mgahawa utabaki na sanduku bubu.

Sasa tuje kwenye sarafu, maana hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia. Kifaa cha kwanza cha sarafu tunachokijua kilielezwa na Heron wa Alexandria, Misri, katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Kilikuwa chombo cha kutolea maji matakatifu hekaluni: muumini alitumbukiza sarafu ya drakma 5, sarafu ikaangukia kwenye kitanga kilichokuwa ncha moja ya wenzo, kitanga kikashuka kwa uzito wake, ncha ya pili ikainuka na kuvuta kizibo, maji yakatoka, kitanga kilipoinama vya kutosha sarafu iliteleza, wenzo ukarudi, na kizibo kikafunga. Ni wazo zuri mno, nami nilipolisoma nikiwa bado nafundisha ufundi mitambo nililiiga bila kufikiri. Nilitengeneza sahani ya mbao yenye pengo moja ukingoni, nikaweka ulimi wa chuma unaodumbukia kwenye pengo hilo kuizuia isizunguke, kisha nikauunganisha ulimi huo na wenzo wenye kitanga, nikitumaini kwamba sarafu ikianguka itauinua ulimi.

Ilifanya kazi mezani kwangu. Mbele ya watu haikufanya kazi hata kidogo, na ilinichukua miezi miwili kuelewa kwa nini. Mezani nilikuwa naweka sarafu kwanza, ndipo nashika mkono. Watu wengine wote hushika mkono kwanza, huusukuma kuona kama unazunguka, na ndipo wakiwa bado wameusukuma hutumbukiza sarafu. Wakati huo ukuta wa pengo unaubana ulimi kwa nguvu yote ya mkono wa mtu, pengine kilo kadhaa, na msuguano wa ulimi huo huwezi kuushinda kwa sarafu isiyofika hata gramu 10, hata ungeurefusha wenzo mara 5. Heron hakupata taabu hiyo kwa sababu kizibo chake kilizuia maji tu, hakuna muumini aliyekuwa anakivuta.

Dawa niliipata baa. Nenda kwenye baa yoyote yenye meza ya pool, hapo Majengo hazikosekani, uangalie jinsi mchezaji anavyolipa. Hatumbukizi sarafu ikaanguka kwa bahati. Anailaza kwenye tundu la ubao mwembamba wa chuma unaoteleza, kisha anausukuma ubao mzima ndani kwa kiganja. Ndani kuna ulimi wenye springi unaoukandamiza ubao. Tundu likiwa tupu ulimi unadumbukia na ubao unagoma. Sarafu ikiwamo, na ikiwa ya ukubwa ule ule, tundu limejaa, ulimi unapita juu yake kama gari linavyopita juu ya shimo lililofukiwa, na ubao unafika mwisho, unafungua mipira, sarafu inadondoka kwenye kasha, kisha springi inaurudisha ubao nje. Angalia kwamba sarafu haikusukuma chochote. Nguvu yote imetoka kwenye kiganja cha mchezaji, na kiganja kinazo hizo kilo kadhaa zinazotakiwa.

Kwa hiyo tupa bomba. Bomba hukwamisha sarafu kwa sababu sarafu iliyosimama wima inaweza kuegemea, kulala mshazari au kupandana na nyingine, na hakuna anayeiona. Tafuta kwa mafundi wanaokarabati meza za pool ubao wa kusukuma uliotumika, au utengeneze mwenyewe kwa vipande vitatu vya bati nene: cha chini na cha juu vimetulia, cha katikati kinateleza. Unene wa kipande cha katikati uwe sawa na unene wa sarafu. Kipimo hiki usikikisie kwa rula, azima kalipa, yaani kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene.

Mpangilio uliobaki ni huu, na ukiuchora kwanza kwenye karatasi utauelewa upesi kuliko maneno yangu. Kwenye shafti kuu ya kisanduku chako funga sahani ya plaiwudi yenye kipenyo cha sentimita 20, yenye pengo moja ukingoni. Juu yake weka ulimi wenye beringi ndogo nchani ili uteleze vizuri. Ubao wa sarafu ukisukumwa hadi mwisho, unauinua ulimi kutoka kwenye pengo, na ulimi unanaswa juu na ndoana ndogo. Ndoana hii ndiyo siri ya pili, kwa kuwa bila hiyo ubao ukirudi ulimi utaanguka tena kabla mteja hajaushika mkono. Halafu pigilia msumari ubavuni mwa sahani, mahali ambapo sahani ikifika nusu mzunguko utaigonga ndoana na kuiachilia. Ulimi utashuka juu ya ukingo wa sahani, utabebwa hapo hadi pengo lizunguke na kurudi, na utadumbukia wenyewe. Sarafu moja, mzunguko mmoja, onyesho moja. Kama mteja ataondoka katikati ya onyesho, atakayefuata ataanza na nusu ya bure. Mimi huliita jambo hilo sadaka.

Kuhusu sarafu yenyewe, ile ya shilingi 500 yenye picha ya nyati, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni chaguo zuri kwa kuwa ni pana na nzito kuliko nyingine zilizo mifukoni mwa watu. Lakini ni ya chuma iliyopakwa nikeli, kwa hiyo inanasa kwenye sumaku, na ule ujanja wa kutumia sumaku kukamata washa za chuma zinazopenyezwa na watoto hautakusaidia, kwani itazikamata zote pamoja. Ningekuwa mimi, nisingetumia sarafu ya serikali kabisa. London kuna jumba dogo liitwalo Novelty Automation, lililofunguliwa mwaka 2015 na Tim Hunkin, mhandisi na mchoraji wa vibonzo ambaye mashine zake nyingine ziko kwenye gati la Southwold, Suffolk, ufukweni mwa bahari. Pale mgeni hatumbukizi pesa. Hununua tokeni mlangoni, na kila mashine inakula idadi yake ya tokeni. Wewe pia unaweza kumpa mtu wa mashine ya kerezo akukatie visahani 30 vya shaba nyeupe, uvipige muhuri wa mbuzi, na mgahawa uviuze kaunta. (Nasema tokeni, lakini mwambie mhudumu avipe jina lingine, la sivyo watu watauliza ni za Luku, za kununulia umeme.) Faida yake ni kwamba unene na upana unauchagua wewe, washa ya dukani haitalingana navyo, na bei ikipanda kutoka 500 hadi 1,000 hutagusa hata skrubu moja.

Kuna sababu nyingine ya kupendelea visahani vyako, nayo naomba uichukulie kwa uzito. Watu wetu wakiona sanduku lenye tundu la sarafu ndani ya mgahawa, neno la kwanza linalowajia ni dubwi, yaani mashine ya kamari. Mashine za kubahatisha zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na zina leseni zake. Kisanduku chako hakibahatishi kitu kwa sababu kila anayelipa anaona onyesho lile lile. Siku mwenye mgahawa atakapokushawishi uweke zawadi, kwa mfano kwamba mbuzi akitokea mara mbili mteja anarudishiwa pesa au anapata soda, ujue amekutoa kwenye sanaa na kukupeleka kwenye kamari. Mkatalie.

Sasa mwendo. Ukifunga mkono moja kwa moja kwenye shafti kuu, mteja mwenye pupa atamaliza onyesho kwa sekunde mbili na kumtingisha mzee kama mwenye degedege. Punguza mwendo kwa vipande vya baiskeli. Sproketi ya nyuma yenye meno 18 ikivuta ya mbele yenye meno 44, unapata mara 2.44, ukifanya hivyo kwa hatua mbili, 2.44 mara 2.44 inakaribia 6, maana yake mteja atazungusha mara 6 ili shafti kuu izunguke mara moja. Mtu mzima akizungusha bila haraka hutumia kama sekunde 3 kwa kila mzunguko, kwa hiyo onyesho litachukua sekunde 18. Hesabu meno ya baiskeli uliyoipata wewe, maana si zote zinafanana. Ile sproketi ya kwanza iwe friwili, uigeuze upande ambao mkono ukizungushwa mbele inashika na ukirudishwa nyuma inateleza kwa mlio wake wa tiki-tiki. Watoto wote hujaribu kurudisha nyuma, na kinyago kinachorudishwa nyuma kwa nguvu huvunjika mahali pabaya. Kati ya mkono na friwili weka visahani viwili vya ngozi ya viatu vilivyobanwa na springi na nati. Ukiikaza nati kiasi, mkono utaendesha kila kitu. Kitu kikikwama, ngozi itateleza na bega la mzee litapona. Hicho kipande cha ngozi ndicho mota yako ilichokikosa.

Nimechelewa kufika kwa mzee mwenyewe, ingawa ndiye atakayewafanya watu walipe mara ya pili. Nadhani kinachomwinua mkono sasa hivi ni kishikizo kilichofungwa pembeni mwa gurudumu, kwa hiyo anapanda na kushuka bila kupumzika, kama pampu. Tumia kemu, yaani kisahani kisicho duara kamili, chenye mahali pa juu na pa chini, ambacho kikizunguka kinasukuma kifuasi, yaani kipande kilicholala juu yake na kufuata umbo lake. Si jambo geni. Al-Jazari, aliyewafanyia kazi watawala wa Diyarbakir, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alieleza vinyago vya kupiga ngoma na vya kunawisha mikono katika kitabu alichokimaliza mwaka 1206, na shafti yenye vigingi au kemu za kuendesha viungo ilikuwa miongoni mwa zana zake. Karne kadhaa baadaye, kati ya mwaka 1768 na 1774, Pierre Jaquet-Droz na wenzake huko Uswisi walitengeneza kinyago cha mvulana anayeandika kwa kalamu ya unyoya. Kina vipande vipatavyo 6,000, na kila herufi anayoiandika imehifadhiwa kwenye rundo la kemu mgongoni mwake. Wewe unahitaji kemu tatu tu: ya mkono, ya kichwa na ya mbuzi.

Zichore hivi. Gawa duara katika vipande 24 vya nyuzi 15. Kwa kuwa onyesho lako ni la sekunde 18, kila kipande ni robo tatu ya sekunde. Sasa badala ya kufikiria mashine, mfikirie mzee unayemjua, yule anayekaa kilabuni Jumamosi, na ujiulize anafanya nini katika kila robo tatu hiyo. Hainui kata upesi. Kwanza anaitazama, na hapo kichwa kinainama kwa vipande 2 huku mkono umetulia. Kisha mkono unapanda kwa vipande 4, sekunde 3 nzima. Unafika mdomoni na kusimama kwa vipande 3. Unashuka. Mzee anageuka upande wa barabara kama aliyeitwa na mtu, na anakaa ameangalia huko kwa vipande 4, na ndani ya hivyo 4, si kabla, mbuzi anatoka nyuma ya mgomba, anadumbukiza mdomo katani na kurudi. Mzee anageuka, anainua kata tena, na safari hii inafika mdomoni na kupinduka kabisa, kwa sababu haina kitu. Hapo msimamishe. Vipande 2 vya mwisho visifanye chochote, mteja azungushe huku mzee ameshika kata tupu hewani.

Mafundi wengi wanaoanza huogopa vipande vya kutulia kwa kudhani mteja ataona mashine imeharibika. Ni kweli kwamba atashtuka kidogo, na mshtuko huo ndio unaomfanya aendelee kuzungusha. Mahali pa kutulia kwenye kemu ni tao la duara kamili, na ni rahisi kulikata. Mahali pa kupanda ndipo pa hatari: ukiweka mteremko mkali zaidi ya nyuzi 30 hivi, kifuasi kitasukumwa upande badala ya juu na kitakwama. Kama unataka mbuzi atoke ghafla, fanya kinyume chake, yaani kemu imvute nyuma taratibu kwa muda mrefu, kisha ikatwe ghafla kama ngazi ili springi imrushe mbele. Kushuka kwa ghafla hakukwamishi kitu.

Kemu uzikate kwa plaiwudi ya milimita 12, uzipige msasa, na ncha ya kila kifuasi uweke beringi yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha milimita 22. Ni zile zinazotumika kwenye viatu vya magurudumu. Kwa vijiti vya kuunganisha kifuasi na mkono wa mzee, tumia spoku za baiskeli pamoja na nati zake ndogo za nchani, kwa sababu ukiizungusha nati hiyo urefu wa kijiti unabadilika kidogo kidogo, na utashukuru siku ambayo kata itakuwa inapiga puani badala ya mdomoni. Mahali mbao zinapoteleza ndani ya mbao acha nafasi ya milimita 1, maana wakati wa masika mbao huvimba. Usitie mafuta humo. Mafuta yakichanganyika na vumbi la barabara ya Marangu yanakuwa udongo. Sugua mshumaa. Grisi iwe ya cheni na beringi tu.

Upande wa nyuma weka kioo badala ya ubao, watu waone kemu zikizunguka. Usiogope kuigwa. Mtu akiona kipande cha ngozi, friwili na msumari unaogonga ndoana, anarudi kulipa tena ili aangalie upande ule ambao hakuuangalia mara ya kwanza.

Kabla ya kukata plaiwudi, tengeneza kemu tatu za kadibodi ngumu na uzijaribu kwa muda wa siku moja, kadibodi inasameheka. Kikishakamilika kisanduku, usikipeleke mgahawani kikiwa bado kinanukia gundi. Kiweke uani kwako, uwape watoto wa jirani visahani 10, na uwaache wakizungushe mara 300, huku wewe umekaa pembeni na daftari bila kuwaelekeza neno. Kila kinapokwama, andika pengo lilikuwa wapi na ni mtoto gani aliyekuwa ameshika mkono, kwa kuwa utakuta kimekwama mara nyingi kwa yule yule mmoja, na huyo ndiye wa kumwita kila unapobadilisha kitu.